Mgeni wa Mwalimu

Fundi Miguu alikuwa na miaka hamsini na minne barua ilipomfikia. Ishirini na sita kati ya hiyo alikuwa ameimaliza ndani ya chumba kimoja: karakana ya viungo bandia nyuma ya hospitali ya serikali, kati ya chumba cha kufulia mashuka na ukuta wa nje. Humo alitengeneza miguu. Alipima paja, akalizungushia plasta, akachonga, akalainisha plastiki kwenye oveni, akasugua kwa msasa. Mwishowe alimsimamisha mtu aliyekuwa ameingia kwa magongo, akarudi nyuma hatua tatu, akamwambia, "Haya, njoo kwangu." Watu wengi walilia walipofika kwake. Yeye hakulia. Macho yake yalikuwa kwenye nyonga, yakiangalia kama ziko sawa.

Barua yenyewe ilikuwa fupi. Serikali inapunguza watumishi, na kila mwenye miaka hamsini na kuendelea anaruhusiwa, kwa hiari yake, kustaafu mapema na kupewa haki zake zote. Siku za kufikiri ni thelathini. Chini kulikuwa na visanduku viwili: Nakubali, Sikubali.

Mwenzake wa karakana, mzee aliyekoroga plasta miaka mingi hadi jina lake halisi likasahaulika, akaitwa Mzee Plasta tu, alitia saini siku ileile.

"Mdogo wangu," alisema, "mgongo wenyewe haunyooki tena. Wakisema wana kiinua mgongo, wacha wauinue."

Wiki iliyofuata alikunja koti lake la kazi, akaliacha juu ya kiti, na Fundi akabaki peke yake.

Mkewe aliitwa Mwalimu, na watu wote, hata na yeye mumewe. Alifundisha darasa la kwanza katika mji ulioko safari ya kutwa nzima kutoka hospitalini. Walipooana waliishi huko pamoja miaka miwili. Kisha Fundi akahamishwa, maana karakana ya aina ile ilikuwa hapa tu, na Mwalimu akabaki kwa sababu mama mkwe wake alikuwa amepooza upande mmoja na hakuna mwingine wa kumuuguza. Walikubaliana kwamba itakuwa mwaka mmoja. Mama mkwe aliishi miaka kumi na moja. Alipofariki, Mwalimu alikuwa na darasa, nyumba, na binti anayesoma, na Fundi alikuwa na foleni ya watu wasio na miguu. Mwaka ukavuta mwaka.

Fundi alikuwa akienda nyumbani mwisho wa mwezi ulioangukia sikukuu, na wakati wa likizo, ambayo kila mara aliikata katikati kwa sababu kuna mgonjwa anayesubiri. Mwalimu alizoea kumwita "mgeni wangu", akimtania. "Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwa akiwaambia majirani. "Wangu mimi anaondoka siku ya pili jioni. Jembe langu halijapata mkono." Majirani walicheka, Fundi akacheka nao, na Mwalimu akamfungia safari yake.

Jumamosi baada ya barua kufika, Fundi alimpigia simu akamsomea yote, neno kwa neno. Akamwambia kuhusu Mzee Plasta na mgongo wake. Mwalimu alicheka kidogo.

"Wewe unaonaje?" Fundi akauliza.

"Ukiniuliza mimi, njoo."

Fundi alingoja utani ufuate, kama kawaida. Haukufuata. Akasema apewe nafasi afikiri kidogo. Mwalimu akamjibu kwamba afikiri.

Kulikuwa na mtoto mmoja, binti wa mshonaji, mwenye miaka tisa, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya kugongwa na lori. Mtoto hukua na mguu wa bandia haukui, kwa hiyo kila baada ya miezi minane au tisa Fundi alimtengenezea mwingine. Tayari huu ulikuwa wa nne. Siku hizo za barua mshonaji alimleta binti yake kupimwa, akasimama mlangoni akiutazama upande wa Mzee Plasta uliokuwa mtupu.

"Nasikia mnaondoka," alisema. "Sasa huyu nani atamkuzia mguu?"

Maneno hayo Fundi aliyabeba. Kila aliyemuuliza kuhusu barua alimsimulia habari za binti wa mshonaji, na kila aliyesikia alitikisa kichwa, akaona kweli, mtu atawaachaje watoto wa watu. Haukuwa uongo. Lakini haikuwa sababu.

Sababu ilikuwa woga. Likizo ya mwisho alikuwa amekaa siku tisa nyumbani. Siku ya pili alivuta kiti cha sebuleni akakiweka karibu na mlango apate upepo. Jioni alikikuta mahali pake pa zamani, na hakuna aliyesema kitu. Alitaka kugongomea msumari uliolegea, ikabidi mtoto wa jirani amwonyeshe nyundo inapokaa. Chumvi hakujua ilipo. Hakujua kwamba mkewe hanywi chai tena, wala kwamba hulala katikati ya kitanda. Watu wa mtaa walimsalimia kwa heshima kubwa, heshima ile anayopewa mtu wa kupita. Karakanani angeweza kuokota tupa yoyote akiwa amefumba macho. Aliogopa kwenda kuwa mgeni wa kudumu katika nyumba ya mwanamke aliyejifunza, kwa taabu, kuishi bila yeye. Hakuwahi kulisema hilo kwa mtu, na kwa kuwa hakulisema, alikaribia kuamini kwamba halipo.

Alipiga simu kila Jumamosi. Mwalimu alizungumzia mengine yote: paa la darasa, binti yao msusi aliyefungua saluni ndogo mtaa wa pili, bei ya mkaa. Kuhusu barua, hakuuliza tena. Jumamosi ya pili sauti yake ilikuwa imechoka, na alipoulizwa akasema ni mafua. Fundi alimpigia binti yake kuhakikisha.

"Mama yupo, Baba," msusi alijibu, kwa mkato.

Fundi akaona labda ana kichwa cha mteja mkononi, hakutaka kumchelewesha.

Siku ya thelathini afisa utumishi, msichana mwenye miwani ambaye meza yake ilijaa mafaili hadi ilimbidi ainue kidevu ili aone mtu, alimwambia kwa upole kwamba saa tisa na nusu anafunga orodha. Fundi alikaa kwenye benchi la korido na barua magotini. Alikaa karibu saa nzima. Mwishowe aliweka alama kwenye Sikubali, akaipeleka, na alipotoka nje akahisi kifua kimekuwa chepesi. Wepesi ule ulimwaibisha, akaharakisha kurudi kazini.

Saa kumi alimpigia Mwalimu.

"Nimebaki," alisema. "Ni miaka sita tu. Halafu nakuja moja kwa moja."

Upande wa pili alisikia bomba likitiririsha maji kwenye ndoo, kisha mtu akalifunga.

"Haya," Mwalimu alisema. "Na yule mtoto, mguu wake umefikia wapi?"

Fundi alifurahi kuulizwa. Akamweleza kwa kirefu: jinsi goti linavyokaza, jinsi alivyobadilisha mshipi, jinsi mtoto anavyotaka mguu uwe na vidole ili aweze kuvipaka rangi. Alizungumza dakika kumi bila kupumzika. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamtakia kazi njema.

Wiki saba zikapita. Asubuhi moja, mikono yake ikiwa imejaa plasta mbichi, simu ililia, akaipokea kwa kiwiko. Alikuwa msusi.

"Baba, mama anaumwa. Njoo."

"Anaumwa nini?"

"Ini. Saratani. Wamesema hakuna la kufanya, tumlaze nyumbani apumzike."

"Tangu lini?"

"Alijua kabla ya barua yako."

Fundi akamuuliza kwa nini hakumwambia. Msusi alisema mama yake alimwapisha, mkono juu ya kichwa chake mwenyewe, kwamba asiseme mpaka baba awe ameamua. Na alipokwisha kuamua, akamkataza tena, akisema hakuna haja ya kumvuruga mtu kazini.

"Lakini na wewe, Baba," alimalizia, "uliniuliza mara moja tu."

Plasta ilikuwa imeanza kukauka vidoleni. Fundi alikwenda moja kwa moja kwa afisa utumishi, akiwa na mikono hiyohiyo myeupe, akaomba abadilishe jibu lake. Yule msichana alimweleza kwamba orodha ilikwisha kwenda wizarani, na walioondoka wamekwisha kuondoka. Fundi hakubishana. Alisimama tu pale, mpaka msichana akavua miwani, akasema anaweza kumpa likizo ya siku ishirini na nane, yote, kuanzia leo, na kwamba ajaze fomu baadaye.

Alifika nyumbani kesho yake alasiri. Kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni, karibu na dirisha. Kwa maisha yake yote ya kazi Fundi alikuwa amesoma miili ya watu, na macho yake yalianza kazi kabla hajayazuia: viganja vimebaki mifupa, tumbo limevimba, ngozi imekuwa ya manjano hadi kwenye kucha. Alijua kabla ya kuketi.

"Mgeni wangu," Mwalimu alisema. "Karibu."

Siku mbili za kwanza hawakusema lolote la maana. Ya tatu, Mwalimu akapata nguvu kidogo asubuhi, na Fundi hakuweza kuvumilia zaidi.

"Mwalimu, ulinitega."

"Sikukutega. Nilikuambia njoo."

"Hukuniambia unaumwa."

"Ningekuambia, ungekuja siku ileile. Najua. Ungekuja kumuuguza mgonjwa, na ungemuuguza vizuri." Alipumzika, akavuta pumzi. "Mimi nilimuuguza mama yako miaka kumi na moja, kuuguza nakujua. Nilitaka mtu aje kwangu kwa sababu anataka kukaa na mimi. Nikasema mara hii, kabla sijaondoka, nimwone."

"Na umeniona."

"Nimekuona."

Fundi alitoka nje akasimama uani. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, kwamba amempima kwa kipimo ambacho hakumwonyesha. Aliitafuta njia ya kuishikilia ile hasira, maana ingemsaidia. Lakini kila alipoishika alisikia tena sauti yake mwenyewe ikieleza kwa dakika kumi habari za mshipi na goti. Aliporudi ndani, alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba amsamehe.

Mwalimu alimtazama muda mrefu.

"Sijui kama nitaweza," alisema. "Lakini kaa hapa."

Akakaa. Siku iliyofuata, akitafuta beseni, alifungua mlango wa chumba cha nyuma ambamo zamani waliweka kuni. Kuni hazikuwamo. Kulikuwa na meza ya kazi, mpya, bado inanukia mbao, na jiliwa ya kubania kazi imefungwa pembeni kwa skrubu nne, na rafu juu yake isiyo na kitu. Alirudi sebuleni akiwa hana beseni. Mwalimu alielewa alichokiona.

"Niliagiza wiki ile uliponisomea barua," alisema. "Nikasema mtu huyu akija atakaa na mikono mitupu, atatoroka. Seremala aliniuliza kimo chako. Nikamwonyesha kwa mkono, hapa."

Meza ilikuwa fupi. Fundi alipoijaribu ilimbidi ainame, maana alikuwa mrefu kuliko mkewe alivyomkumbuka, kwa upana wa kiganja kizima. Alimwambia imekaa sawasawa.

"Mwongo," Mwalimu alijibu kutoka kitandani. "Nakuona kwenye kioo cha kabati. Umejikunja kama ndoano."

Walicheka wote wawili. Kicheko kikamgeukia Mwalimu kikohozi, msusi akaja mbio kutoka jikoni, akawakuta wazazi wake wakifuta machozi, asijue ni ya aina gani.

Kulala chali kulikuwa kumeanza kumwumiza Mwalimu, na kukaa hakuweza. Fundi alichukua utepe wa kupimia ambao siku zote haukumtoka mfukoni, akampima mgongo: kutoka kiunoni hadi mabegani, upana wa mbavu, pale mfupa wa bega unapochomoza. Katika miaka ishirini na minane ya ndoa alikuwa hajampima. Mwalimu alitulia, kama walivyotulia wagonjwa wake wote.

"Hivi ndivyo unavyowafanyia?" aliuliza.

"Hivi hivi."

"Una mikono mizuri. Sikuwa najua."

Kwa siku mbili alifanya kazi kwenye ile meza, ameinama, akikata ubao mwembamba, akiuchonga upate mkunjo wa mgongo, akiufunika kwa godoro la sponji na shuka laini. Alipouweka nyuma ya mkewe, Mwalimu aliegemea, na kwa mara ya kwanza tangu Fundi afike, uso wake ulilegea. Kuanzia hapo alikaa akitazama nje dirishani, wanafunzi wake wakipita kwenda na kurudi shule wakimpungia mkono, na Fundi akiwa kwenye kigoda miguuni pake. Akajifunza chumvi inakaa wapi. Akajifunza kwamba mkewe humsahihisha mtangazaji wa redio kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Kwamba hapendi kuamshwa kwa kuguswa, ila kwa kuitwa. Mambo madogo hayo, ambayo mume wa kawaida huyajua katika mwezi wa kwanza, yeye aliyaokota moja moja, akijua hayatamfaa kitu.

Siku moja Mwalimu alimuuliza ghafla aliogopa nini. Fundi alimwambia ukweli: kiti kilichorudishwa mahali pake, nyundo, heshima ya majirani.

"Kiti kile nilikirudisha kwa sababu mvua inaingia mlangoni," Mwalimu alisema. Akafumba macho. "Ungeuliza tu."

Siku ya ishirini, kama saa nne asubuhi, Fundi alikuwa akimkata kucha za mkono wa kushoto. Alimaliza kidole cha mwisho, akaomba mkono wa kulia. Mkono haukuja. Aliuchukua mwenyewe, akazikata na zile, zote tano, polepole, akazikusanya kwenye karatasi, ndipo akamwita msusi.

Baada ya mazishi zilibaki siku chache za likizo. Fundi alitaka kuzungumza na binti yake, kumweleza, labda kuomba radhi. Msusi alimsikiliza akiwa amesimama, sinia mkononi. "Si sasa, Baba," alisema, na ile sasa ikachukua miaka.

Alirudi kazini. Hakukuwa na sababu ya kwenda popote pengine. Hospitali ilimpa wasaidizi wawili vijana, akawafundisha vizuri. Binti wa mshonaji alikua, akapata mguu wa tano, wa sita, hadi wa kumi na mbili; akawa msichana mrefu anayetembea hivi kwamba asiyemjua asingegundua.

Alipofikisha sitini, hospitali ilimwandalia hafla ya kumuaga katika ukumbi wa mikutano. Walikuja manesi, walikuja wagonjwa wake wa zamani, wengine kutoka mbali, wakajipanga ukutani kwa miguu aliyowatengenezea. Msusi naye alikuja. Alisafiri kutwa nzima bila kumwambia baba yake, akaketi safu ya mbele, amevaa kitenge cha mama yake.

Mganga mkuu alitoa hotuba. Alisema kwamba miaka sita iliyopita mzee huyu alipewa nafasi ya kwenda kupumzika na familia yake, na kila mtu aliondoka, lakini yeye aliweka alama kwenye Sikubali kwa ajili ya mtoto mmoja. "Huyu," alisema, "aliipenda kazi kuliko nafsi yake." Ukumbi ulisimama na kupiga makofi. Binti wa mshonaji alikuwa analia wazi. Msusi hakusimama wala hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama baba yake, na baba yake anamtazama yeye, mpaka kelele zikaisha.

Wakampa kipaza sauti. Fundi Miguu alikishika kwa mikono miwili. Wengine walitoa simu zao wamrekodi.

"Asanteni," alisema. "Nilikuwa na mke."

Mshereheshaji alingoja aendelee. Fundi alijaribu, kinywa kilifunguka mara mbili, hakikutoa kitu. Ndipo msusi akainuka kutoka kitini pake, akapanda jukwaani, akamtoa baba yake kipaza sauti mkononi, akakiweka mezani, akamshika kiwiko kumteremsha ngazi, taratibu, moja baada ya nyingine.